Mbio za makasia za wanawake wa Oxford na Cambridge, 1927: kwa nini saa peke yake haikutosha?

Tezi na Omo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mwaka, msimu wa mbio za makasia za Oxford na Cambridge unapofika, nasoma humu mijadala mizuri kuhusu wanaume: nani kashinda, mashua ipi ilizama mwaka gani, upande upi wa mto una nafuu. Mbio za wanawake hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa. Naomba leo tuziweke mbele, na hasa siku yao ya kwanza, kwa sababu naamini yaliyotokea siku ile hayajaelezwa ipasavyo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Machi 1927. Mahali ni mto Thames, katika kipande kinachopita mjini Oxford ambacho wenyeji wake hukiita Isis. Mashua mbili za wavutaji wanane wanane, kila moja na mshika usukani wake, zilipimwa katika umbali wa nusu maili, yaani karibu mita 805. Oxford walitumia dakika 3 na sekunde 36, na Cambridge wakazidiwa kwa sekunde 15. Kwa mtu aliyezoea mashindano ya majini habari ingeishia hapo: fulani kashinda, fulani kashindwa, tukutane mwakani. Lakini mashua hizo hazikuwa majini kwa wakati mmoja. Ilikatazwa zisishindane sambamba, na kila kundi likapita peke yake mbele ya waamuzi. Tena waamuzi hao hawakupewa kazi ya kupima muda tu, bali walitakiwa kutoa alama za mtindo, yaani namna wasichana wale walivyoonekana wakati wakivuta.

Nataka tukae hapo kwenye neno mtindo.

Nilijifunza kuvuta kasia nilipokuwa masomoni Uingereza, katika klabu moja ndogo isiyo na jina kubwa, kwa hiyo naomba niwaeleze jambo hili kwa mikono yangu mwenyewe. Katika mashua ya watu wanane kila mvutaji ana kasia moja tu, wanne upande huu na wanne upande ule, na wote wanatazama tezi, yaani nyuma ya chombo, wakiipa mgongo omo, yaani mbele yake. Mwenye kutazama mbele ni mshika usukani peke yake. Unakunja magoti, unasogea na kiti kinachoteleza, mikono imenyooka, kisha bapa la kasia linaingia majini likiwa wima. Likichelewa hata kidogo kuliko la mwenzako, chombo kizima kinatikisika nawe unakisikia kiunoni. Ukishavuta, unalitoa bapa na kulilaza ili lisikamatwe na upepo, unarudi taratibu, na katika ule ukimya wa kurudi unasikia maji yakipita chini ya ubao kama nguo inayochanwa polepole. Wote wanane wakipatana, mtindo wao ni mzuri kwa sababu mashua inakwenda. Wasipopatana, mashua inayumba, na saa itasema. Ndiyo maana nasema kwamba mtindo, kwa mvutaji, haupo nje ya mwendo. Kuutenga na kuupa alama zake kulikuwa na maana moja tu: kwamba wanawake wale walitakiwa kwanza wapendeze, na kasi yao ihesabiwe baadaye.

Kuna jambo la pili ambalo naona halisemwi kabisa. Kwa kuwa wavutaji wanatazama nyuma, anayeongoza humwona mpinzani wake waziwazi, na anayeachwa hamwoni, bali husikia tu sauti ya mshika usukani wa mbele ikififia. Uchungu wote wa mashindano ya makasia umo humo. Ukiwa umetangulia, unaona omo ya wenzako ikikusogelea, na unapata nguvu ambayo hukujua kwamba unayo. Wasichana wa 1927 walinyimwa hilo. Walivuta mbele ya watu, bila mtu wa kushindana naye machoni.

Na watu walikuwepo wengi. Gazeti la The Times la London liliripoti umati mkubwa wenye uhasama kwenye njia ya kando ya mto, ile ambayo zamani farasi waliipita wakikokota mashua. New York Times la Marekani likaripoti watu 5,000 kamili waliokuwa tayari kushangilia. Mto ni mmoja na siku ni moja. Sidhani kwamba mmoja wa waandishi hao alisema uongo. Nadhani katika umati ule walikuwemo waliokuja kuzomea, waliokuja kushangilia, na wengi zaidi waliokuja kutazama wanawake wakifanya jambo ambalo hawajawahi kuliona, na kila mwandishi akawasikia waliokuwa karibu naye.

Kumbukeni pia kwamba wanaume wa vyuo hivi walikuwa wameshindana tangu 1829, mara ya kwanza Henley, mji mdogo kando ya Thames, kisha wakahamia London, na tangu 1845 njia yao ikawa kutoka Putney hadi Mortlake, maili 4 na yadi 374. Basi mwaka 1927 mashindano ya wanaume yalikuwa na umri wa karibu miaka mia, wakati wanawake walipewa nusu maili, kila kundi kwa zamu yake.

Karibuni tujadili kwa hoja.

Kalamu Nyekundu

Dada Tezi na Omo, nakushukuru kwa uzi wenye uzito, lakini naomba nikupinge katika jambo moja kubwa.

Umejenga hoja yako juu ya ukweli kwamba mashua hazikushindana sambamba, kana kwamba hilo peke yake ni dhihaka. Mto Isis ni mwembamba. Wanaume wa Oxford wenyewe, na wenzao wa Cambridge katika mto Cam ambao ni mwembamba zaidi, kwa sababu hiyohiyo walibuni aina ya mbio ambamo mashua hupangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, na kila moja hujitahidi kuigonga iliyo mbele yake kabla haijagongwa na ya nyuma. Vyuo vya ndani ya vyuo vikuu hivyo hushindana hivyo mpaka leo, na hakuna anayesema wamedharauliwa.

Zaidi ya hapo, tarehe 12 Desemba 1926, miezi mitatu tu kabla ya siku unayoisimulia, Steve Fairbairn, yule kocha Mwaustralia aliyefundisha kwa miaka mingi Jesus College ya Cambridge, alianzisha London mbio kubwa za wanaume ambamo mashua huondoka moja baada ya moja na mshindi hupatikana kwa saa. Mbio hizo zipo mpaka sasa na zinaheshimika sana. Kama kupimwa kwa saa, kila mtu kwa zamu yake, hakukuwa fedheha kwa wanaume mwezi Desemba, kwa nini kuwe fedheha kwa wanawake mwezi Machi?

Tezi na Omo

Mkuu Kalamu Nyekundu, hoja yako ni nzito na nimeifikiria usiku kucha. Nakubali nusu yake.

Nakubali kwamba kupita kwa zamu si fedheha, na kwamba niliandika kana kwamba ni fedheha. Ulivyoleta habari ya Fairbairn umenisaidia, pengine kuliko ulivyokusudia, kwa sababu inatuonyesha kwamba mwezi Machi 1927 watu wa makasia wa Uingereza walikuwa tayari wanajua namna ya kumpata mshindi kwa saa, bila msaada wa kitu kingine. Wembamba wa mto unaweza kueleza kwa nini mashua mbili hazikuwekwa sambamba. Hauwezi kueleza kwa nini waamuzi waliombwa watazame pia uzuri wa mvuto. Hakuna aliyewaomba waamuzi wa Fairbairn waseme ni mashua ipi ya wanaume iliyopendeza zaidi. Na Fairbairn huyo ndiye aliyekuwa akipigana maisha yake yote na wale walioabudu mkao wa mgongo kuliko mwendo wa chombo. Kwake yeye mvutaji hutengenezwa na maili nyingi za mazoezi na nguvu ya miguu, mengine yatafuata.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu: tatizo la siku ile halikuwa zamu, lilikuwa alama za mtindo juu ya saa.

Mtoto wa Pangani

Naomba nieleweshwe na wataalamu. Sekunde 15 ni kitu gani majini? Sisi huku tukishindana kwa ngalawa, pengo tunalihesabu kwa macho, kwa urefu wa chombo. Mtu akiniambia sekunde, sioni picha.

Tezi na Omo

Mtoto wa Pangani, umeuliza swali zuri kuliko yote. Tulifanyie hesabu.

Oxford walikwenda mita 805 kwa sekunde 216. Hiyo ni karibu mita 3.7 kwa kila sekunde. Cambridge walitumia sekunde 231, yaani karibu mita 3.5 kwa sekunde. Ukizidisha mwendo wa Cambridge kwa zile sekunde 15, unapata kama mita 52. Mashua ya watu wanane ina urefu wa karibu mita 18. Maana yake ni kwamba, kama wangewekwa majini pamoja, Oxford wangekuwa wamevuka mstari wakati Cambridge wako nyuma yao kwa karibu urefu wa mashua tatu nzima. Katika umbali mfupi wa nusu maili, huo si ushindi wa kubishaniwa. Ungeuona ukiwa umesimama ng'ambo bila saa wala darubini.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya nishindwe kutulia. Pengo la mashua tatu lilikuwepo, na macho ya watu 5,000 yalikuwepo, lakini hakuna jicho lililoruhusiwa kuliona.

Bibi wa Maktaba

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Naomba niongeze upande ambao mwanzisha uzi hajaugusa, kwa sababu mbio hizi haziwezi kueleweka bila kujua wasichana hao walikuwa nani mbele ya vyuo vyao.

Mashua iliyoitwa ya Cambridge siku ile ilikuwa ya wasichana wa Newnham, chuo cha wanawake kilichoanzishwa 1871, ambacho klabu yake ya makasia ilianza 1893. Walisoma Cambridge, walihudhuria mihadhara, na tangu 1881 wanawake waliruhusiwa rasmi kufanya mitihani ileile ya wanaume. Lakini mwaka 1927 hawakuwa wanachama wa Cambridge. Walipewa jina la shahada tu, karatasi ya kuonyesha kwamba wamefaulu, bila haki yoyote ya uanachama inayokwenda na shahada ya kweli. Mwaka 1897 suala hilo lilipopigiwa kura, wanafunzi wa kiume walitundika juu ya barabara sanamu ya mwanamke akiwa juu ya baiskeli, na kura ikawakataa wanawake. Mwaka 1921 ilipopigwa tena na wanawake kunyimwa tena uanachama kamili, kundi la vijana lilichukua mkokoteni na kuyagonga malango ya shaba ya Newnham, malango yaliyowekwa kwa kumbukumbu ya Anne Jemima Clough, mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Msichana aliyeingia Newnham muda mfupi kabla ya mbio hizi alipita kwenye malango hayo kila siku.

Wa Oxford walikuwa na nafuu kidogo. Tangu Oktoba 1920 walikuwa wanachama kamili wenye kupewa shahada, na klabu yao ya chuo kikuu kizima ilianzishwa 1926. Hata hivyo, katika mwaka huohuo wa 1927, Oxford ilipitisha sheria ya kuwawekea wanawake kikomo, wasizidi robo ya idadi ya wanaume, na kikomo hicho kiliondolewa 1957.

Nje ya vyuo, mwanamke wa Uingereza aliye chini ya miaka 30 alikuwa bado hana kura. Wanaume walipiga kura kuanzia miaka 21. Sheria ya kuwasawazisha ilikuja 1928, mwaka mmoja baada ya mbio hizi. Na mwaka huo wa 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza, umbali ambao unakaribia sana ile nusu maili ya Isis. Lina Radke wa Ujerumani alishinda. Baada ya hapo wakubwa wa michezo walidai kwamba umbali huo unawamaliza wanawake, wakauondoa, na haukurudi hadi Olimpiki ya Roma, 1960. Mjue basi kwamba waamuzi wa Isis hawakuwa watu wabaya wa peke yao. Walikuwa watu wa wakati wao, na wakati huo uliamini kwamba mwanamke akitweta mbele ya watu kuna kitu kimeharibika.

Kalamu Nyekundu

Bibi, shikamoo. Haya ya malango sikuyajua, na yamenifanya nisome upya uzi wote. Ina maana mashua ya Cambridge ilibeba jina la chuo kikuu ambacho hakikuwahesabu wavutaji wake kuwa watu wake?

Bibi wa Maktaba

Marahaba, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa. Walivuta kwa jina la Cambridge miaka 21 kabla ya Cambridge kuwapokea.

Mtoto wa Pangani

Nimeshukuru kwa hesabu, sasa picha nimeipata. Nina swali jingine. Baada ya hapo ilikuwaje? Ni lini walifika kwenye mto ule wa London wanaopita wanaume?

Tezi na Omo

Safari ilikuwa ndefu, na nitapita haraka katika sehemu ambazo hazina mengi.

Baada ya 1927 mbio hazikufanyika kila mwaka. Zilirudi 1929, kisha zikawa za kuja na kutoweka, na katikati ya miaka ya 1930 ndipo mashua za wanawake zilipoanza kushindana sambamba, bila alama za mtindo. Cambridge waliunda klabu ya wanawake ya chuo kikuu kizima mwaka 1941, vita vikiendelea, na wasichana wa Girton, chuo kingine cha wanawake cha Cambridge, wakaweza kuvuta pamoja na wa Newnham. Miaka ya 1950 mbio zilikatika kwa zaidi ya muongo mmoja. Zilifufuliwa 1964, na tangu hapo zimekuwa za kila mwaka, isipokuwa 2020 zilipofutwa kwa sababu ya korona. Kuanzia 1977 zilihamia Henley, kwenye njia ya mita 2,000, mbali na London na mbali na kamera.

Katika miaka hiyo mambo mawili ya nje yanafaa kukumbukwa. Makasia ya wanawake yaliingia Olimpiki mwaka 1976, Montreal, lakini kwa mita 1,000 tu, nusu ya umbali wa wanaume, na walisawazishwa kwa mita 2,000 mwaka 1988, Seoul. Na mwaka 1981 Sue Brown alishika usukani wa mashua ya wanaume ya Oxford, akiwa mwanamke wa kwanza kushiriki mbio za wanaume, na Oxford wakashinda. Fikirini hilo: mwanamke aliweza kuwaongoza wanaume wanane kutoka Putney hadi Mortlake miaka 34 kabla ya wanawake wanane kuruhusiwa kuvuta wenyewe katika njia hiyohiyo.

Waliruhusiwa tarehe 11 Aprili 2015. Fedha ndiyo iliyofungua mlango. Kwa miaka mingi wasichana hao walijichangia gharama zao, hadi kampuni ya uwekezaji ya Newton, iliyokuwa ikiongozwa na Helena Morrissey, ilipowadhamini na kusisitiza kwamba wapewe siku moja, mto mmoja na umbali uleule wa wanaume. Oxford walishinda kwa dakika 19 na sekunde 45, kwa pengo la urefu wa mashua sita na nusu. Aliyekaa kiti cha karibu na tezi, yule anayepanga mwendo wa wote, alikuwa Caryn Davies, Mmarekani mwenye medali za dhahabu za Olimpiki.

Kwa watu wa pwani, niongeze kwamba kipande hicho cha Thames hujaa na kupwa kama bahari yetu. Mbio huanza Putney maji yakiwa yanajaa, mashua zikipanda mto huku mkondo wa bahari ukizisukuma, na mshika usukani hodari hugombania ule mstari wa katikati wenye maji ya kasi. Upepo ukija kinyume cha mkondo, maji huumka. Mwaka 2016 yaliumka kwelikweli. Katika sehemu ya mwisho ya njia, mashua ya Cambridge ilijaa maji, mawimbi yakapita juu ya mbavu zake hadi wavutaji wakaonekana kama wamekaa juu ya mto wenyewe, makasia yakiinuka na kuzama bila chombo kuonekana. Oxford walikuwa wamekwisha kwenda. Cambridge hawakuacha. Walivuta mashua iliyojaa maji hadi Mortlake, wakamaliza.

Na mwaka uliofuata, 2017, walirudi Putney, kasia la mmoja wa Oxford likanaswa na maji mwanzoni kabisa, na Cambridge wakapita kwa dakika 18 na sekunde 33, muda ambao ulikuwa rekodi ya wanawake katika njia ile.

Kalamu Nyekundu

Dada, nina pingamizi la mwisho, nalo ni dogo. Je, si kweli kwamba mashua ya Cambridge ya 2016 ilikuwa na mvuto mbaya sana wa kutazama? Migongo ilikuwa imepinda, makasia hayapatani, maji kila mahali. Kwa vigezo vya 1927 wangepewa alama gani?

Tezi na Omo

Wangepewa sifuri, mkuu, na umeniwekea mkononi kile nilichokuwa nakitafuta tangu nilipoanza uzi. Nimeitazama sehemu ile mara nyingi. Vichwa vinayumba, mabega yamepanda, kasia moja linakwama na mwenye nalo analing'oa kwa nguvu zake zote ili awahi la mwenzake. Hakuna hata pigo moja ambalo kocha angeliweka kitabuni. Na kila anayejua uzito wa maji ndani ya mashua, uzito unaoganda miguuni na kukataa kusogea, anajua kwamba anatazama wavutaji hodari. Waamuzi wa Isis wasingekuwa na safu ya kuandika jambo hilo.

Mtoto wa Pangani

Bibi wa Maktaba, kabla uzi haujashuka chini naomba nikuulize. Wale wasichana wa Newnham wa 1927, Cambridge ilipobadilika, walipewa haki yao?

Bibi wa Maktaba

Mwanangu, sheria ilibadilika 1948. Mwanamke wa kwanza kupokea shahada kutoka Cambridge, mwezi Oktoba mwaka huo, alikuwa Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita, na yake ilikuwa ya heshima. Wanafunzi walifuata baada yake. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mbio za Isis alikuwa na 41 wakati huo, pengine mwalimu mahali fulani, pengine mama wa watoto wakubwa.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1998, Cambridge iliwaalika warudi wale waliosoma pale kabla ya 1948, wakaja mamia yao, wazee, wengine wakiwa na mikongojo, wakatembea kwa maandamano mjini huku watu wakiwapigia makofi kando ya barabara. Msichana yule wa miaka 20, kama alikuwa bado hai, alikuwa na miaka 91.